Kibali cha Kuua Shomoro

Asali alipowaona shomoro wakiingia na kutoka kwenye stoo ya mashine ya kusaga, mate yalimjaa mdomoni. Si kwamba alitaka kuwala, la hasha. Aliona ulaji. Akazima pikipiki yake, kitu pekee duniani alichowahi kukinunua kwa jasho halali na alichokipenda kuliko ndugu zake, akavaa kofia ya uofisa, akaingia kwa mikogo.

Mwenye mashine, Mama Unga, alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mama. Natoka Idara ya Ndege."

"Marahaba mwanangu. Kumbe nao wana idara?"

"Wanayo! Ndege wa porini wanalindwa na sheria. Ukigusa kiota tu, umekwisha. Lakini sheria ina huruma: wakiharibu chakula au wakihatarisha watu, unapewa kibali cha kuwaua."

"Hawa wananyea mahindi ya wateja."

"Basi masharti yametimia! Unalipia muhuri tu."

Mama Unga akashika kifua. "Si ungekuja jana! Nimeshawatilia sumu." Akaonyesha gunia mlangoni, manyoya yakichungulia kwenye matundu. "Andika kibali cha jana, nakulipa mara mbili." Kisha akapaza sauti uani, "Jamani, mleteeni mgeni maji!"

Mara mbili! Asali, Mungu amsamehe, akaandika, akasaini kwa mbwembwe, akagonga muhuri. Maji hayakuja. Waliingia wanaume wawili wenye mashati ya kijani ya kiofisa.

"Nani katilia ndege sumu hapa?"

"Mwenzenu huyu kaniruhusu," alisema Mama Unga, akawapa karatasi.

Yule mrefu akaisoma, akamgeukia Asali. "Wewe ni ofisa? Basi umeruhusu sumu kwenye chakula cha watu, hiyo ni jela. Si ofisa? Umejifanya ofisa, hiyo nayo ni jela. Chagua."

Asali, aliyewahi kumuuzia kinyozi nywele, alianza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Mama Unga akamvuta pembeni.

"Hawa nawajua, mwanangu. Wape chochote wakuachie. Una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Na ile pikipiki?"

Aliutoa ufunguo machozi yakimlenga, akatimka kwa miguu.

Nyuma ya ua wa jirani akasimama kuhema, akachungulia. Wale wawili walikuwa wamevua mashati, wanacheka huku wameshika mbavu. Mama Unga akakung'uta gunia, ukaanguka mto mkuukuu wa manyoya uliopasuka. Shomoro wote walikuwa hai, wanakula.

"Kaka zangu, angalieni mashine," alisema, akipanda pikipiki. "Nakwenda kuchukua kibali chenyewe. Pale ofisi ya wanyamapori walishaniambia ni bure, na wakanionya kuna tapeli anazunguka."

Damu ilimchemka Asali. Hakusimama mpaka kituo cha polisi, akapiga meza kwa kiganja.

"Afande! Nimeibiwa pikipiki! Kuna matapeli kule wamejifanya maofisa wa ndege!"

"Wahuni hao!" Afande akachukua kalamu, amekasirika kwelikweli. "Tutawakamata leo hii. Na wewe, ndugu yangu, kule ulikwenda kufanya nini?"

Asali akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani alitafuta uongo, akaukosa.