Vita vya Dakika Tisa katika Hoteli ya Bi Mwanamina

Sogezeni viti, enyi watu wa Voi, na ninyi wa Mwatate mliokuja sokoni, na ninyi wa Taveta mnaongoja mzigo uvuke mpaka. Nileteeni karatasi safi, si ile iliyofungiwa viazi, na kalamu isiyokwama, niandike habari ya vita vilivyopiganwa siku ya Alhamisi, saa nne ya asubuhi, baina ya meza ya chumvi na beseni la kunawia mikono. Kule kilimani Salaita, katika Vita Kuu ya Kwanza, watu walipigana kwa mizinga, nao wakapata makaburi na wageni wa kuyatazama. Hapa palipiganwa kwa tarumbeta, na hadi leo hakuna hata kibao.

Shujaa wa habari hii ni Onesmus mwana wa Wakio, Mwenye Shahada Isiyoajiriwa, Mpuliza Tarumbeta Asiye na Mpinzani, kwa kuwa toka mtaa wa Birikani hadi wa Kaloleni hakuna mwingine anayeipuliza. Yeye na wenzake wawili, mmoja wa gitaa la besi na mmoja wa ngoma ambazo hakuzipiga bali alizifagia kwa brashi, walijifungia katika stoo ya shule, kati ya madawati yaliyovunjika, wakarekodi muziki wa jazi, wakauita Ukungu wa Vuria. Ulikuwa wa dakika tisa. Haukuwa na maneno. Haukuwa na haraka. Ulipanda kama ukungu wenyewe upandavyo mlimani, ukikaa hapa kidogo, ukikaa pale kidogo, na wote watatu waliamini kwa moyo safi kwamba watu wakiusikia watatendeana mema zaidi.

Tatizo lilikuwa hapo kwenye kusikia.

Mama yake aliusikia akalia, lakini mama hulia hata mwanawe akikohoa. Rafiki zake waliusikia hadi dakika ya pili, wakasema ni moto sana, wakaulizana kama kuna chakula. Ndipo akainuka Mwalimu Edith, dada wa baba yake, Mlinzi wa Kalamu Nyekundu, aliyeifundisha nusu ya Voi kusoma na kuichapa nusu nyingine, akatamka masharti.

"Onesmus," alisema, "nimesahihisha insha miaka thelathini na moja, na sijampa mtoto alama kwa sababu mama yake ameipenda. Nipatie msikilizaji mmoja. Asiwe ndugu, asiwe rafiki, asijue ni wewe uliyepuliza. Asikilize mwanzo hadi mwisho kwa hiari yake. Ukimpata, habari ya duka la mjomba wako kule Mwatate sitaitaja tena. Ukimkosa, Jumapili tarumbeta ya kanisa inarudi kanisani, na Jumatatu wewe unapima misumari."

"Mmoja tu, Shangazi?"

"Mmoja. Voi imejaa watu. Usiniambie utakosa mmoja."

Basi shujaa akachagua uwanja wake, nao ulikuwa hoteli ya Bi Mwanamina, Malkia wa Mahamri, Mwenye Spika Mbili Ukutani, maana saa nne hapakosi watu kumi na wanane wanaokunywa chai. Akamwendea kwa unyenyekevu, akamwomba ampigie muziki wake, asiseme ni wa nani.

"Weka, mwanangu," alisema Bi Mwanamina, akaiunganisha simu na spika kwa mkono wake mwenyewe. Kumbukeni mkono huo. "Lakini wateja wangu wakinikimbia, haya mahamri utayala wewe mpaka la mwisho."

Mwalimu Edith akaketi pembeni, akavua saa yake, akailaza mezani. Onesmus akaketi karibu na mlango kama mtu asiyehusika. Na muziki ukaanza.

Besi iliguna mara moja. Ikanyamaza. Ikafikiri. Ikaguna tena.

Wa kwanza kurusha mkuki alikuwa Trevor, Mfalme wa Pikipiki za Sokoni, aliyekuwa amepakata helmeti yake kama ngao.

"Mathee, hiyo ngoma inaload, ama bando zimeisha?"

"Ndiyo hiyo inacheza," alijibu Bi Mwanamina.

"Inacheza wapi? Haijaanza."

Mkuki huo ulimwingia shujaa ubavuni, naye hakulia. Alikoroga chai yake, ambayo hakuwa ameitia sukari.

Hapo akasimama Bwana Mbaruk, Mwenye Duka la Vitambaa, Hakimu wa Muziki Wote wa Mwambao, ambaye hajapata kuulizwa jambo asilolijua. "Nyamaza wewe, mtoto wa juzi," alisema. "Huu ni utangulizi. Taarabu ya haki haianzi kwa mdomo. Vyombo hutangulia, vikafagia ukumbi, vikatandika, ndipo mwimbaji akaja kwa maringo yake. Ngojeni. Akiingia mtaniambia."

Kwa neno hilo ukumbi mzima ukamngoja mwimbaji. Dakika ya pili ikapita. Tarumbeta ikaingia, ikasema jambo la chini sana, ikasita. Dakika ya tatu gitaa likanyamaza, tarumbeta ikabaki peke yake. Vichwa vikageukia spika. Hakuingia mtu.

"Amechelewa," alisema Trevor.

"Mwimbaji mkubwa hachelewi. Hungojewa."

"Labda anatoka Mombasa, Mzee. Lakini hata treni imeshafika."

Watu wakacheka, na Bwana Mbaruk akaona heshima yake ikimomonyoka mbele ya vikombe. Na mtu wa heshima akikosea hadharani hana njia ila moja, nayo ni kukosea zaidi. Akarekebisha kofia yake. Uso wake ukabadilika, kwa kuwa wazo lilikuwa limemjia, na yeye mwenyewe likamtisha.

"Jamaa," alisema kwa sauti ya chini, "hapa hapana mwimbaji, na sasa nimeelewa kwa nini. Muziki bila maneno, wa polepole, asubuhi, siku ya kazi. Mimi ni mtu mzima. Redio imepiga hivi mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili bendera ilishushwa nusu mlingoti. Serikali haipigi muziki wa namna hii bure. Amekufa mtu mkubwa."

Vijiko vikasimama vikombeni.

"Nani?" aliuliza Trevor.

"Watasema. Kwanza hutulainisha."

"Si Mheshimiwa, mbunge wetu, kweli?" ilitoka sauti ya mama mmoja kwenye meza ya dirishani. "Juzi alipita hapa na gari, hakushusha kioo. Hata mkono hakupunga."

"Hakupunga?" alisema Bwana Mbaruk. "Basi alikuwa mgonjwa tayari."

Na kwa ushahidi huo, usiotosha kumkamata mwizi wa kuku, Mheshimiwa akafa. Trevor alitoka nje akawaamuru wenzake wazime pikipiki, nazo zikazimwa, jambo ambalo mkuu wa polisi amelijaribu miaka miwili. Bi Mwanamina, yule yule aliyeiunganisha simu na spika kwa mkono wake mwenyewe, akajifunika mtandio vizuri, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Mama wa dirishani akainamisha kichwa. Wakamsifu marehemu kwa minong'ono: kwamba alikuwa mtu wa watu, kwamba alituletea bomba. Bomba hilo lipo. Jana yake watu wale wale, kwenye meza zile zile, walikuwa wakiapa kwamba maji hayajapita ndani yake tangu lichimbiwe.

Kisha hata minong'ono ikaisha. Ilikuwa dakika ya sita. Tarumbeta ilikuwa inapanda ile sehemu ya juu, ambayo Onesmus aliipuliza mara kumi na moja kule stooni mpaka midomo ikavimba, na watu kumi na wanane walikuwa wameketi bila kutafuna, wengine macho yakiwa na machozi, wakisikiliza.

Enyi mliosoma na bado mna moyo, mhurumieni kijana huyu. Picha hiyo alikuwa ameiota tangu mwaka wa pili chuoni, watu wa kwao wakiwa kimya mbele ya muziki wake. Ila katika ndoto hapakuwa na maiti.

Akamtazama shangazi yake. Mwalimu Edith akainua vidole vitatu, maana yake dakika tatu zimebaki. Misumari ya Mwatate, ya inchi mbili, ya inchi tatu, ile ya mabati yenye kofia, ilipita mbele ya macho ya shujaa kama jeshi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Hakuna aliyewahi kushinda vita kwa urahisi huo. Na kwa hakika wengi waliotutangulia katika nchi hii wamejengewa barabara na shule zenye majina yao kwa kunyamaza muda mfupi kuliko huo.

Akasimama. Kiti kikaanguka.

"Ndugu zangu," alisema, "samahani. Hakuna aliyekufa. Hii si redio. Ni muziki tu. Ni mimi na wenzangu tulioupiga, na mwenye tarumbeta ni mimi. Tulitaka tu usikike. Naomba msilie kwa ajili ya mtu aliye hai. Lakini kama mngependa kuendelea kukaa hivyo hivyo kidogo, bila sababu, zimebaki dakika mbili na nusu."

Ningependa kuandika kwamba watu walifurahi Mheshimiwa kufufuka. Hawakufurahi.

"Kwa hivyo yuko hai?" aliuliza mama wa dirishani.

"Nafikiri yuko hai, Mama."

"Na bomba letu?"

"Nimezima pikipiki," alisema Trevor. "Abiria wawili wamenipita nikiwa nimevua helmeti, nimesimama kama mlingoti. Kwa sababu yako, graduate."

Bwana Mbaruk ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa alikuwa ameua mtu bure. "Jazi?" alisema. "Mimi jazi naijua kabla hujazaliwa. Jazi ni gitaa, na kiuno hakikai kitini. Hii yako ni mtu anatafuta funguo gizani."

Wakacheka, wakainuka, viti vikakwaruza sakafu, kelele ikarudi nyumbani kwake. Voi ilikuwa tayari kumnyamazia mfu aliyewadanganya, hata dakika tisa nzima. Lakini kijana aliye hai, aliyewaambia kweli, hakustahili hata mbili na nusu. Bi Mwanamina, akiona shilingi zikielekea mlangoni, alinyoosha mkono akaizima simu.

Dakika ya nane. Kimya. Mwalimu Edith akaanza kuivaa saa yake, polepole, na inasemekana kwamba hakuifurahia kazi hiyo.

Ndipo pazia la jikoni likafunguliwa, akatokea Kavinya.

Hakuna aliyemhesabu Kavinya. Yeye ni mpika chapati, mwenyeji wa Kibwezi, Mshika Moto wa Nyuma ya Pazia, na habari za ukumbini hazimfikii, iwe ni mauti au harusi, mpaka zitakapohitaji chai. Alikuwa na unga hadi viwikoni, na mkononi kile kijiti cha kusukumia chapati.

"Nani amezima?" alisema.

Bi Mwanamina akauficha ule mkono chini ya mtandio.

"Nimeuliza nani amezima. Ilikuwa haijaisha. Ile tarumbeta imepanda huko juu, mmeiacha huko huko."

"Tulidhani kuna mtu amekufa," alieleza Bi Mwanamina.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa mbona mmezima?"

Swali hilo halikujibiwa siku ile, na wanachuoni hawajalijibu bado. Lakini Mwalimu Edith alikuwa amekwisha kusimama, saa ikining'inia kwenye kidole, macho yamekuwa yale ya chumba cha mtihani.

"Kavinya," alisema, "umesikiliza tangu lini?"

"Tangu ule mguno wa kwanza, Mwalimu. Nilikuwa natia chumvi."

"Unamjua anayepuliza?"

"Nitamjuaje? Si ni redio?"

"Dakika ya tatu hivi, kulitokea nini?"

Kavinya akafikiri, akijipangusa paji la uso kwa mkono wa unga. "Sijui dakika. Chapati ya tano. Yule wa gitaa nene alinyamaza, yule mwingine akabaki peke yake, kama mtu ameshuka stesheni na waliosema watakuja kumpokea hawako. Mimi mwenyewe nikasimamisha mkono. Halafu wakaja, akaendelea."

Onesmus, aliyekuwa ameinama akiokota kile kiti chake, hakuinuka.

"Na haikukuchosha?" aliuliza Mwalimu.

"Wimbo mwingine wowote ni chapati tano, umeisha. Huu nimefika kumi na tatu na bado. Ni mrefu. Lakini haunikimbizi. Hizo zenu za kila siku zinanikimbiza mpaka chapati zinatoka na pembe." Akamgeukia Bi Mwanamina. "Mama, washa, nimalizie."

Simu ikawashwa. Ilibaki dakika moja na sehemu. Kavinya hakurudi jikoni. Alisimama pale pale kwenye pazia, kichwa kimeinama upande, huku Trevor akiwa mlangoni na mguu mmoja nje, na Bwana Mbaruk akijifanya anatafuta chenji mfukoni. Tarumbeta ikateremka kutoka ilikoachwa, ngazi kwa ngazi, ikafika chini, besi ikaipokea. Ikaisha.

"Haya," alisema Kavinya. "Kesho mweke tena. Nina unga wa kilo nne."

"Mtihani ulikatizwa," alisema Mwalimu Edith, "lakini mtahiniwa hakutoka chumbani." Akavaa saa yake. Akampigia yule mjomba wa Mwatate hapo hapo, akamwambia amtafute mtu mwingine wa misumari.

Andikeni basi, mlio na kalamu: Alhamisi ile, saa nne na dakika kumi na saba, katika mji wa Voi, muziki usio na maneno ulisikilizwa hadi mwisho na mtu mmoja asiyelazimishwa. Kufikia adhuhuri habari za msiba wa Mheshimiwa zilikuwa zimefika Taveta kwa simu, akalazimika kutoa taarifa kwamba yu hai, na taarifa hiyo ilisomwa na maelfu. Ushindi wa Onesmus haukutangazwa popote ila hapa.

Na chapati ya kumi na nne, iliyokuwa kwenye moto wakati Kavinya amesimama kwenye pazia, iliungua pande zote mbili. Naitaja kwa heshima, kwa kuwa katika vita vile vyote ndiyo peke yake iliyokufa.