Nukta Nne za Verner

Jumatatu, 8 Juni
Nina hasira hata kahawa haishuki. Dagny wa makumbusho anachora ramani ya watu wa kale wa hapa kwetu Jutland. Nukta nyekundu kaburi, kijani makazi. Jumamosi itatundikwa katika ukumbi wa kijiji. Jirani yangu Verner ana nyekundu tatu. Mimi sina hata moja! Leo kanipigia kelele toka ng'ambo ya ua: "Pole, Kresten! Hata wafu walijua pa kukaa." Mshenzi.

Jumanne, 9 Juni
Nimepata dawa yake. Babu alipachika shoka la jiwe kwenye dohani ili kuzuia radi, kama walivyofanya wazee wote hapa. Nimepanda ngazi, nimeling'oa. Mke wangu Tove akauliza nafanya nini huko juu. Nikasema natoa masizi. Nimelifukia kwenye viazi, mbele ya uso wa marehemu asiyekuwepo: ubavu wa kulia, akitazama kusini, kama walivyolazwa wanaume wao. Mimi si mjinga.

Jumatano, 10 Juni
Siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika mbili. Dagny kaja, kalifukua shoka, kalipangusa, kakuta chokaa imegandia, kasema watu hawa hawakujua chokaa. Nikasema labda walikuwa na fundi mmoja. Kaendelea kupangusa. Nikadhani nimeponea. Ndipo Tove akaleta kahawa na keki. "Mbona hilo ni la babu yako! Si alilichomoa kwenye lile tuta la kaburi la kina Verner, walilolilima likaisha?" Dagny akafungua daftari lake. Nukta ya nne. Kwa Verner! Nina mke au mpelelezi?

Alhamisi, 11 Juni
Sisemi na mtu. Verner kaniletea chupa ya pombe kali, eti shukrani. Nimeimwaga yote. Nusu.

Ijumaa, 12 Juni
Radi imepiga. Dohani yote chini! Tove kasema babu alitulinda miaka tisini, mimi siku tatu zimenitosha. Nikaapa mbele yake: udanganyifu basi.

Nilipokuwa nazoa kifusi nikakumbuka neno la Dagny. Penye majivu, mkaa na udongo uliochomeka, hapo waliishi watu. Nukta ya kijani! Nimeponda matofali, nimejaza toroli mbili, nimezika nyuma ya zizi. Chokaa nimeisugua kwanza. Dagny anakuja kesho asubuhi. Tove nimemtuma kwa dada yake.