Sambaza Kwenye Shavu

Leo nimefedheheka. Wanawake wenzangu wa grupe yetu ya simu, someni, lakini mucheke mudomo ukiwa umefungwa. (Wangu uliofungwa ndio umeniletea haya yote.)

Munajua mi niko kwenye wale wa ugonjwa wa sukari, tunapimwa kilo kila mwezi kwa muganga Claudine. Miezi mine nimekula mboga za dodo na maharage bila mafuta, kama mutu aliyeweka nadhiri. Leo nikapanda mizani. Kilo tatu zimeondoka! Claudine akapiga makofi.

"Mukecuru wangu, bibi yangu, kaa pale kwenye benchi. Leo we ndiye utafundisha wengine."

Mi kufundisha! Mi niliyeachia darasa la pili kwa mwalimu Gaspard!

Basi nikakaa. Claudine akaanza kueleza ile ya ubongo. "Ndani ya kichwa iko kasehemu kadogo kanalinda uzito wako. Ukikonda, kanafikiri njaa imeingia nyumbani. Kanakuongezea hamu ya kula, tena kanaambia mwili ubane, kama mama anayepima maharage yaliyobaki kwenye gunia. Donc, ukisikia njaa usijilaumu. Lakini usikatii kwa kila kitu."

Maneno mazuri. Shida ni kwamba kwenye kikapu changu kulikuwa na sambaza za kukaanga, vile visamaki vidogo vya ziwani. Nilizinunua asubuhi kule Rubona, kwa Josiane, mutoto wa marehemu Dancilla aliyekuwa akizikaanga kabla yake, za kupelekea wajukuu. Zilikuwa bado na moto. Harufu ikapanda.

Na harufu ya sambaza haiji peke yake. Ilikuja na Stanislas, mume wangu, Mungu amurehemu. Zamani zile akitoka ziwani na wavuvi wenzake Bernard na Faustin, tulisikia nyimbo zao kabla ya kuona mitumbwi. Dancilla ameshawasha moto. Stanislas ananiletea sambaza zangu kwenye jani la mugomba, halafu ananigeuzia mugongo, anasimama kama ukuta ili nile. Maana sisi tuliolelewa zamani, mutu mukubwa haonekani akitafuna. Mama yangu Nyirabagenzi hata maji aliyanywa ameinamisha kichwa.

Nikawaza: kilo zimeshaandikwa. Sambaza moja itafuta nini? (Ni kale kasehemu kadogo kalikuwa kanasema, si mimi.) Nikageukia ukuta, nikaweka moja. Ya pili ikafuata mwenzake. Halafu kiganja kizima.

"Mama Odette! Njoo utuambie umefanyaje!" Claudine akaniita.

Yesu wee! Kutafuna mbele ya watu, haiwezekani. Kutema, mbaya zaidi. Nikazisukuma zote kwenye shavu la kushoto, nikasimama.

"Mmh," nikasema.

"Ayiwe! Shavu lako limevimba!" Claudine akashituka.

"Mm-mm!"

"Hata kusema hawezi! Muiteni muganga wa meno!"

Rafiki yangu Verediana, tuliyebatizwa naye siku moja, akanusa hewa. "Jino la huyu linanukia mafuta," akasema.

Muganga wa meno akaja mbio na tochi. "Fungua mudomo, mama." Watu wote wakanyoosha shingo. Ningefanya nini? Nikafungua. Mukia wa sambaza ukamusalimia.

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Claudine akashika mbavu. "Bon! Mumeona? Ubongo ndio huo, iko kazini!"

Mi natazama viatu vyangu. Miezi mine ya dodo, na heshima ya mama yangu, vyote vimeishia kwenye tochi.

Verediana peke yake hakucheka. Akainuka na fimbo yake, akaja akasimama mbele yangu, akanigeuzia mugongo, kitenge chake amekitandaza kwa mikono miwili kama pazia.

"Tafuna, Mama Odette," akasema bila kugeuka. "Hizo ni za Stanislas."

Nikatafuna. Pamoja na machozi. (Chumvi ikazidi.)

Mwezi ujao napimwa tena. Kilo zikirudi, mulaumu kichwa changu. Na mutu yeyote atakayenisalimia kwa kuuliza habari ya shavu, simuitikii.