Lori Lililopimwa kama Mbuzi

Kisilu aliposikia Mama Ijabo akiuliza sokoni Kanyangi kama kuna mtu anayeuza lori, aliacha chai yake nusu, jambo ambalo hakulifanya hata siku nyumba ya jirani iliposhika moto. Mjane huyo alikuwa na mbuzi wengi kuliko mfanyabiashara yeyote hapo, na Kisilu alikuwa na lori. Tuseme ukweli: alikuwa na kitu kilichowahi kuwa lori. Mzungu mmoja mpima ardhi alimwachia badala ya mshahara, kisha akaondoka kwa haraka ya kutia shaka.

Na mbuzi ndio walikuwa shida ya Kisilu. Alimpenda Mutindi, binti ya Mzee Kivuva wa Matiliku, mpaka chakula kilikataa kushuka. Lakini bila mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufungulia mahari, Mkamba hamwiti mwanamke mke wake hata wakizaa watoto kumi. Kivuva alikuwa amesema wazi kwamba mvua ikianza kabla ya mbuzi kufika, Kisilu asionekane tena bomani kwake. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kujikusanya, bila huruma kwa wapenzi.

Jioni ile Kisilu alimbembeleza seremala ampe gunia la vumbi la mbao, akalikoroga na grisi, akalishindilia ndani ya giaboksi. Gia zilizokuwa zikilia kama zinasaga mawe zikanyamaza. Dawa hiyo ingedumu siku moja, na Kisilu alihitaji saa moja tu.

Asubuhi Mama Ijabo alifika, akaanza kupima. Kwanza aligusa boneti.

"Ni baridi. Vizuri," akasema. "Mnyama akikimbizwa kabla mnunuzi kuja, anaficha kilema."

Akavuta magurudumu kama mtu anavyovuta masikio ya mbuzi. Akainama kutazama matone ya mafuta chini. "Inaharisha?"

"Aiya, Mama! Hiyo ni jasho. Hii gari inapenda kazi sana."

Kisha mama akaingiza kichwa chini ya lori, pale penye giaboksi, akanusa kwa muda mrefu. Kisilu alijiuma ulimi asicheke. Mtu anayenusa lori, aliwaza, ataweza kuuziwa hata toroli.

"Nakupa mbuzi kumi na wawili," akasema Mama Ijabo akijipangusa magoti. "Lakini mimi sinunui punda kabla hajabeba mzigo. Pakia hao mbuzi, tuende na wao Matiliku. Lori ikinipendeza, mbuzi ni yako huko huko."

Kisilu nusura aruke. Ntheo mara nne, tena mpaka mlangoni kwa Kivuva! Alitia debe lake la mwisho la petroli, akapakia mbuzi mmoja mmoja kwa mapenzi, akazungusha hendeli.

Walivuka mto Athi maji yakiwa machache, lori likiwa kimya kabisa. Ng'ambo, Mama Ijabo alimtazama dereva kwa heshima.

"Imevuka!" akasema.

"Si nilikuambia?"

Kwenye mlima, giaboksi ikaanza kukoroma. Kisilu akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Gia zikapandisha sauti, naye akapandisha yake, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Imba tu, mwanangu," akasema Mama Ijabo, akijifunga shuka vizuri. "Nimezoea."

Waliingia Matiliku kwa honi. Mzee Kivuva alisimama sokoni, Mutindi kando yake, wote wakihesabu pembe. Kisilu hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Ikadumu mpaka alipokuja Mwangangi mchinjaji na kamba, akamlipa Mama Ijabo, akaanza kushusha mbuzi.

"Mama! Hao si ni mbuzi yangu?"

"Nilisema ikinipendeza. Haijanipendeza."

"Lakini gari ni nzima!"

Alizungusha hendeli, akapanda, akatia gia. Kelele iliyotoka iliwapandisha kuku juu ya mapaa. Mutindi alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko hicho kilimuuma Kisilu kuliko hasara yote.

"Ulijua tangu lini?" akauliza akishuka.

"Tangu Kanyangi. Nilinusa."

"Sasa mbona ulipanda?"

"Wewe unafikiri nilinusa kujua kama umeficha ugonjwa?" Mama Ijabo alitikisa kichwa kwa upole. "Nyinyi wote mnaficha. Nilitaka kujua umeficha na nini. Yule wa mwezi jana aliweka ndizi. Ndizi zinaishia Athi, akaniacha na mbuzi ndani ya maji. Vumbi ya mbao inafika Matiliku."

Akamfungua mbuzi mmoja aliyebaki, akamkabidhi Kisilu kamba. "Shika. Hiyo ni nauli. Alhamisi nina wengine, na wiki ijayo pia."

Kisilu alimtazama mbuzi. Akatazama mawingu. Akamtazama Mzee Kivuva, ambaye aliinua vidole viwili, yaani mbuzi wawili waliobaki, na Mutindi nyuma yake akivitazama kwa makini kuliko baba yake.

"Mwangangi," Kisilu akaita, sauti ikiwa imemkauka kwa nyimbo, "hapa Matiliku seremala anakaa wapi?"