Boti ya Tena na Mashine Iliyoacha Kukojoa

Jumatatu, 4 Agosti

Boti imefika! Nyeupe, mistari myekundu, juu ya trela, mashine yake nyuma inang'aa. Imepita kwenye geti la ploti yetu hapa mtaa wa Tena, Eastlands ya Nairobi, kwa shida, ikaondoka na kipande cha ukuta. Watu wote wametoka kwenye varanda. Nimesimama juu yake nikapunga mkono. Nahodha Saad!

Muhiba, mke wangu, hakupunga. Aliuliza pikapu iko wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba pikapu ndiyo imekuwa boti: nimebadilishana na bwana mmoja wa Naivasha aliyefunga hoteli yake. Akauliza kama beseni za duka letu sasa zitatoka soko la Gikomba kwa boti. Swali la msingi. Nitalijibu baadaye. Kwanza watalii, kila wikendi, Ziwa Naivasha!

Amri ya Muhiba: mpaka Jumapili boti iwe imetembea majini, la sivyo inarudi kwa mwenyewe.

Mama yake, Bi Sundus, anakuja Ijumaa kutoka Lamu. Nimempigia simu kumwahidi matembezi ya ziwani. Badala ya kushukuru, akauliza kama mashine yangu inakojoa. Mama mkwe! Nikakata simu kwa heshima.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya majaribio. Mashine inatakiwa iwe ndani ya maji ikiwashwa, kwa hiyo nimeazima pipa la Koki, jirani yetu wa chini, likiwa limejaa maji yake ya wiki nzima. (Koki hakuwepo.) Ikawaka mara moja. Furaha iliyoje!

Lakini nikagundua hila. Ubavuni mwa mashine kuna katundu kanarusha maji, chiii, bila kukoma. Inavuja! Yule bwana wa hoteli alidhani mtu wa Eastlands hataona. Nimekaziba kwa gundi ya chuma. Hakuna kuvuja tena. Nimejipongeza kwa soda.

Koki amerudi, amekuta mafuta yanaelea kwenye maji yake. Anasema nguo zake za kanisa nitafua mimi, na maji nitayatoa ninakojua.

Jumatano, 6 Agosti

Willis amekuja kuangalia. Huyu ana gereji ya magari kule Mowlem na anajiona daktari wa kila kitu chenye moto. Akaizunguka boti, akaipiga kofi, akasema mbele ya watu kwamba hili ni karai lenye usukani, halitawaka.

Halitawaka? Maji hayakuwepo, lakini heshima ilikuwepo. Nikaiwasha hapohapo, kavu. Ikanguruma mpaka njiwa wakahama paa! Nikaongeza mafuta kidogo. Nikaongeza tena. Kisha kengele ikaanza kulia, piii, moshi ukatoka, na harufu kama ya ndala iliyoangukia jiko.

Nikawaambia watu ndivyo inavyosalimia. Willis akanyoosha kidole: mshale wa joto ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Nikamjibu kwamba mshale huo ulizoea hali ya hewa ya Ulaya. Koki akaanua nguo zake zote. Nazo ndizo nilizokuwa nimetoka kufua.

Alhamisi, 7 Agosti

Uchunguzi rasmi wa joto. Safari hii ndani ya pipa langu mwenyewe, maji ya kununua. Dakika chache, mshale kwenye nyekundu. Piii!

Willis akaja bila kuitwa, akasema ni thamostati, kile kidude kinachofungulia maji injini ikipata joto. Dawa yake kwa kila gari ni kung'oa thamostati. Mowlem nzima haina hata moja. Tukaing'oa. Piii! Nikashuku mafuta, nikabadilisha. Piii! Nikashuku jua, nikaivika gunia lililolowa. Piii!

Jioni nikapata jibu. Tatizo ni kengele! Nimekata waya wake. Kimya kitamu. Willis akasema: "Buda, umemziba mgonjwa mdomo, sasa unasema amepona." Wivu.

Jumamosi, 9 Agosti

Naivasha! Willis ametuvutia trela kwa pikapu ya gereji, na hakuficha kwamba anakuja kucheka. Bi Sundus amevaa jaketi la kuelea juu ya buibui, amekaa mbele kama bibi harusi. Nikaondoa boti, sote wanne ndani. Upepo, ndege, maji yakikatika pande mbili. Muhiba akatabasamu! Nilimwona.

Katikati ya ziwa mashine ikatoa mvuke kama birika, ikakohoa, ikazima. Mbele yetu viboko. Wakubwa. Nikatangaza kwamba tumefika kituo cha mapumziko.

Bi Sundus akaja nyuma polepole, akauliza inakojolea wapi. Nikamwonyesha gundi. Akachomoa pini ya ushungi wake, akazibua. Halikutoka hata tone.

Akauliza: "Mwanangu, uliiwasha bila maji?"

Nikatazama viboko. Willis akanijibia.

Basi Bi Sundus akaeleza. Maji ya ziwa huingia kwa chini, pampu huyapandisha kuipoza mashine, na yanayotoka katunduni ndiyo habari njema. Yakikatika, mashine inaungua. Ndani ya pampu mna kifeni cha mpira, na ukiiwasha kavu hicho ndicho cha kwanza kufa. Ndiyo ile harufu ya ndala. Marehemu mumewe alikuwa na boti Lamu, na vifeni akibadilisha yeye Bi Sundus, kwa kuwa marehemu naye alikuwa mtu wa gundi.

Mimi na Willis tukapiga makasia hadi ufukweni. Muhiba na mama yake wakala sambusa. Zote.

Kifeni tumepata kwa watu wa maboti. Bi Sundus akakifunga mwenyewe, akarudisha na thamostati, Willis akishika spana na kusema ndiyo mama, sawa mama. Alasiri mashine ikakojoa! Tukapiga makofi. Akashika usukani yeye, akatuzungusha ziwa, mtandio wa Muhiba ukipepea. Muhiba akacheka kicheko kile cha miaka tulipochumbiana. Nikajiona nahodha hata nikiwa abiria.

Tuliposhuka Muhiba alimpigia simu yule bwana wa hoteli hata hivyo; beseni, alisema, haziji kwa boti. Wamekubaliana: pikapu inarudi kesho kutwa, Jumatatu jioni, bora mashine iwe nzima.

Jumatatu, 11 Agosti

Huzuni asubuhi. Bwana anakuja saa kumi na moja. Muhiba amemsindikiza mama yake kwenye basi, akaniachia agizo moja tu: usiguse chochote.

Lakini nimewaza. Agosti hii baridi ya Nairobi inauma mpaka kwenye mifupa. Ploti nzima inaoga maji ya barafu. Na hapa uani nina mashine ambayo, kwa ushahidi wa macho yangu, inapata moto kuliko jiko lolote la Tena! Maji ya moto kwa majirani wote! Muhiba akiliona hili atamrudisha yule bwana getini.

Koki amekataa kuja kuona. Ameanua nguo.

Ninaandika huku ikinguruma. Maji sijaweka bado, yasije yakaipoza. Inachemka vizuri ajabu. Na kuna harufu fulani, kama ya ndala.