Kadi ya Ndege na Ua wa Bwana Kipkurui

Karibu na Kabianga,
Wilaya ya Kericho.
Mei 1996

Kwa Meneja wa Kadi,
Makao Makuu ya Benki,
Nairobi.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: KADI YENU YA MAILI ZA NDEGE, AMBAYO SIJAICHUKUA NA TAYARI IMENICHOSHA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa na nafasi. Sisi hapa hatujambo. Mvua imenyesha vizuri na majani ya chai yanachumwa hadi vikapu vinakataa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, mke wa Bwana Robert Kipsang, na nililelewa kutolalamika. Lakini tangu yule kijana wenu wa tai aje katika ofisi ya walimu na kutuambia kwamba mtu akinunua vitu kwa kadi anahesabiwa maili, na maili zikijaa anapanda ndege bure, nyumba yangu haijatulia. Aliniachia fomu niamue mwenyewe kama kadi inanifaa. Nimejaribu kuamua. Yafuatayo ndiyo yaliyonipata, na naomba uyasome ukiwa umeketi.

1. Kijana wenu hakunionya nisiisome fomu hiyo kwa sauti. Niliisoma Jumapili wakati wa chakula cha mchana, mbele ya mama mkwe wangu Tecla, ambaye sote tunamwita Kogo kwa sababu ndiye nyanya wa watoto wangu, na ambaye shamba la chai tunaloishi ni lake. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba safari fupi kuliko zote ni ya Nairobi hadi Kisumu, Kogo aliweka kijiko chini.

"Hiyo ndege ya Kisumu si ndiyo hupita hapa juu asubuhi?"

Mume wangu akasema ndiyo hiyo.

"Basi nitaliona shamba langu kutoka huko. Nitaona pale ua wa Kipkurui umeingia."

Lazima nieleze. Bwana Kipkurui ni jirani yetu. Kati ya shamba lake na letu kuna ua wa michongoma, na kwa miaka mingi ua huo umekuwa ukitembea. Kila baada ya mvua kubwa tunaukuta umesogea kidogo upande wetu, na mwenyewe akiulizwa husema michongoma hukua hivyo. Kogo alishamlalamikia mchungaji, akawalalamikia wazee, akamlalamikia chifu. Wote walikuja, wakasimama, wakautazama ua, wakanywa chai yetu, wakasema kwamba ukiwa hapa chini ni vigumu kujua.

2. Kadi yenu haina mahali pa kutumika. Kabla ya kuamua, nilizunguka Kericho mjini pamoja na Kogo akiwa amevaa koti lake la kanisani, tukiuliza duka kwa duka. Bwana Osoro, anayetuuzia gamubuti, aliigeuza fomu huku na huku akasema, "Mwalimu, mimi huchukua pesa, na kwa mtu ninayemjua huchukua hata ahadi. Sasa hii plastiki nitaipeleka wapi?" Mwenye kinu cha unga alicheka mpaka mahindi ya watu yakamwagika. Mwishowe tukaelekezwa kwenye hoteli moja, ile yenye bustani na vitambaa vyeupe mezani, ambayo ina mashine ya kukwaruza kadi juu ya karatasi. Kwa kuwa ndipo maili zetu zote zingetoka, tuliona ni haki tuonje bidhaa. Tukaagiza chai.

Mheshimiwa, Kogo alianza kuchuma chai kabla mimi sijazaliwa. Aliletewa maji moto peke yake, maziwa peke yake, na majani yamefungwa ndani ya kijifuko chenye uzi. Akaushika ule uzi, akakiinua kijifuko mpaka usawa wa macho, akamwuliza mhudumu, "Huyu mmemfunga kwa kosa gani?" Kisha akainuka akaingia jikoni. Nilimsikia akidai sufuria. Tulipoondoka, wageni kutoka ng'ambo walikuwa wakinywa chai ya maziwa iliyochemka sawasawa na kuomba nyongeza, na mpishi alimsindikiza Kogo hadi langoni akimwita Mama.

3. Hesabu zenu hazina huruma. Mume wangu ni karani katika kituo cha kununulia majani, na hesabu ndiyo kazi yake. Alipiga, akapiga tena, akapata kwamba kwa kunywa chai ya hoteli pekee Kogo atapanda ndege wakati kitinda mimba wetu atakapokuwa amestaafu, na muda huo wote tutakuwa tukiwalipa ada ya kila mwaka. Alimweleza mama yake jambo hili polepole, kwa heshima zote. Kogo akamjibu, "Mimi niko na kiu."

4. Habari zilifika kanisani. Sijui nani alizipeleka, ingawa Kogo alikuwa ameketi kiti cha mbele. Mchungaji alimwombea "mama yetu anayekwenda juu," na waliochelewa kuingia wakaanza kulia. Ibada ilipokwisha, wanawake walimzunguka kwa maagizo. Chepkorir alimwomba amtazamie ng'ombe wake mwenye doa jeupe aliyepotelea upande wa msitu. Phelis, mwenye kibanda cha ndizi, alimwomba aangalie kama mumewe akiaga kwamba anakwenda mkutano wa ushirika huwa kweli anashika njia ya ushirika. Mwingine alileta kuku wa kupelekewa shangazi yake huko Kisumu. Kuku huyo yuko kwangu hadi leo. Anakula kuliko watoto.

5. Watu walianza kujirekebisha. Naomba usidhani natia chumvi. Wapika pombe haramu ya chang'aa wa kule mtoni walijenga paa la majani ya migomba juu ya mapipa yao. Mume wa Phelis alianza kurudi nyumbani mapema, na sasa Phelis analalamika kwamba anamwona sana. Chifu mwenyewe alinisimamisha njiani akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kule juu anaweza kuona mbao zilizofunikwa kwa turubai. Nikamjibu kwamba mimi hufundisha Kiswahili.

6. Bwana Kipkurui aliung'oa ua.

Ilikuwa alasiri, mvua ikinyesha, na sisi sote tulikuwa tumejipanga mlangoni mwa jikoni tukitazama. Yeye na wanawe walichimba, wakabeba michongoma ile kwa magunia, wakaipanda upya pale pa zamani kabisa, pale ambapo marehemu baba mkwe alipakubali. Wakati anajifuta matope, radi ilinguruma. Bwana Kipkurui akatazama juu. Akafikiri kidogo. Kisha akaung'oa tena na kuusogeza hatua moja zaidi ndani ya shamba lake mwenyewe, kwa usalama.

Mstari mzima wa chai umerudi kwetu, Mheshimiwa. Kogo aliufuata kutoka mwanzo hadi mwisho, akigusa kila mmea kama mtu anayewapokea watoto waliotoka bweni. Mume wangu alifuta macho akasema ni mvua. Alikuwa amesimama chini ya paa.

7. Kwa hiyo utaona shida yangu. Kadi ambayo bado sijaichukua imetufanyia yale yaliyowashinda wazee, chifu na mchungaji. Mume wangu anauliza: ikiwa kitu kimefanya kazi yote kabla hakijafika, tukilipie ada ya nini? Tumeamua kadi haina faida kwetu. Siitaki, na ninairudisha kabla ya kuipokea.

Hata hivyo, nakusihi mtu yeyote huku asijue kwamba nimeikataa. Bwana Kipkurui akisikia, ule ua utakuwa umerudi kwetu kabla ya Jumamosi. Naomba uniandikie kwenye karatasi yenye nembo ya benki, useme kadi iko njiani. Mwaka ujao, mvua kubwa zikianza, andika tena kwamba bado iko njiani. Na ikiwa unafahamiana na marubani, waambie wakipita hapa kwetu washuke kidogo, hata kama ni kwa kelele tu.

Nisalimie wote wanaokaa nyuma ya vioo, kijana wa tai, mfagizi wenu, na mkeo ikiwa anavumilia saa zako za kazi.

Mimi ninayelalamika kwa adabu,

Rodah Chelangat (Bi. Kipsang)

N.B. Kabla ya kuifunga barua nilimsomea Kogo ili afurahi. Hakufurahi. Aliisukuma chai yake kando, akasema, "Rodah, hata wewe ulifikiri ni ua?"

Akanieleza kwamba tangu akiwa msichana wa kuchunga ndama, ndege ikipita yeye huacha lolote analofanya, akaifuata kwa macho mpaka ipotee. Hajawahi kumwambia mtu, hata marehemu. "Ningesema nataka kwenda tu, mngesema uzee umeniharibu. Nikasema ua, nyote mkaanza kupiga hesabu."

Mume wangu aliyekuwa akisikiliza pembeni aliinuka akatafuta kalamu.

Kwa hiyo tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa lile la marubani. Fomu imo ndani ya bahasha, imejazwa na kutiwa sahihi. Tutaanza kunywa mara kadi itakapofika, ukoo mzima, na mpishi ameshaambiwa aandae sufuria kubwa. Kogo anaomba kiti cha dirishani. Nilimuuliza ni upande gani, ili auone ule ua vizuri. Alisema upande wowote.