Picha Iliyonisingizia Huzuni

Kostroma, Februari 1874

Kwa Mheshimiwa Yevlampi Savvich, Mchoraji,

Kwa heshima zote unazostahili, naleta malalamiko. Mimi ni mwandishi wa visa vya kuchekesha; miaka ishirini mji huu unanisoma ukishika mbavu. Wewe umenichora kama mtu aliyetoka kuzika. Tafadhali rudi na brashi unitie tabasamu, kwa sababu hizi:

1. Rangi. Kahawia nyuma, kahawia kotini, kahawia mpaka rohoni. Nilikuja na skafu nyekundu, iko wapi? Mwanga wote umeumwaga kwenye paji la uso, macho ukayaacha gizani.

2. Mikono. Umeifumbata gotini kama ya mtu anayengoja daktari atoke chumbani. Mikono yangu haijui kutulia.

3. Ujanja. Vikao vinane nilikusimulia vichekesho, nawe ukakoroga rangi tu. Cha tisa theluji ilianza kuanguka, nikanyamaza kidogo, ndipo ukachora mbiombio. Huo ni uwindaji, bwana!

4. Mpishi wetu Ustinya hakunitambua. Alidhani ni mtakatifu, akaitundika picha kwenye pembe ya sala na kuiwashia taa. Nikipita, ananifokea: "Vua kofia, bwana! Huoni mzee wa watu anavyoteseka kwa ajili yetu?"

5. Majirani wakiiona wanadhani tumefiwa, wanatuletea uji wa ngano na asali, ule wa matanga. Nimeula, ni mtamu. Lakini mhariri wangu naye alikuja, akaitazama picha, akanirudishia kisa changu cha mbuzi wa kasisi: "Pole sana, Porfiri Nikanorovich. Pumzika kwanza." Nisipochekesha, mimi ni nani?

Basi, tabasamu. Hata dogo.

Nisalimie mama yako, dada zako, na paka aliyelala ndani ya kofia yangu.

Wako mwenye furaha tele,
Porfiri Nikanorovich Ledenev

Tanbihi: Usije, na picha usiiguse. Binti yetu Varenka tulimzika theluji ikianguka, miaka miwili iliyopita. Siku ile niliwachekesha waombolezaji, na tangu hapo mke wangu Glafira hanisemeshi ila habari za chumvi na kuni. Leo, barua hii ikingoja posta, alisimama mbele ya picha mpaka chai yake ikapoa. Akasema: "Kumbe na wewe ulikuwa unaumia, Porfisha." Kisha akaishika mikono yangu yote miwili, nayo ikatulia.